Anti wa Vitabu: "Kusadikika kimenichosha, farasi kaniliza, je nina kasoro?"

SWALI: Shikamoo Anti. Mi ni msomaji wako wa siku nyingi ila leo ndo mara ya kwanza naandika, naomba usinicheke. Nasoma chochote kinachopita mbele yangu, sichagui, na tatizo ni kwamba maoni yangu hayafanani kabisa na ya watu. Kusadikika cha Shaaban Robert kila mtu anakisifia, mi kimenichosha, wajumbe sita wanatumwa, wote wanarudi, wote yanawakuta yaleyale, yaani ukishasoma wa kwanza umeshamjua wa sita. Shamba la Wanyama nimelia, tena namlilia farasi, mtu mzima mimi. Nagona cha Kezilahabi sijaelewa, nikarudia, ndo nikazidi kutoelewa. Vita na Amani ya Tolstoy majina yalinishinda nikaishia njiani. Kile cha Kiyosaki cha baba tajiri na baba maskini nilikimaliza siku mbili na hela bado sina. Ila Mzimu wa Watu wa Kale nimekisoma mara tatu, na kuna rafiki yangu anajiita msomi ananiambia hizo ni stori za watoto. Sa Anti, mi ni msomaji mbovu au? Na nikitoka hapo nisome nini?
Msomaji Shaghalabaghala

JIBU: Marahaba mwanangu. Pole na huyo rafiki msomi, tutamfikia.

Barua yako nimeipenda kwa kitu kimoja, ukisema umechoka unasema na ulipochokea. Wengi wananiandikia kitabu fulani kibovu, kingine moto wa kuotea mbali, basi, kimya. Mi huwa nawajibu nionyesheni ukurasa, na hawarudi tena.

Haya, Kusadikika. Ni kweli wajumbe wote wanatumwa kutafuta mema, wanarudi nayo, na malipo yao ni kufungwa. Lakini jiulize hizo stori anasimulia nani na amesimama wapi. Anasimulia Karama, yuko mbele ya baraza, kashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kutaka kufundisha watu sheria, na maisha yake yako hatarini. Mtu kama huyo akikuhadithia mjumbe mmoja utasema aah, bahati mbaya hiyo. Akileta wa pili utajikohoza. Akifika wa sita we unayehukumu unaanza kuangalia miguu yako, maana huna tena pa kukimbilia. Huko kurudiarudia kulikokuchosha ndo utetezi wenyewe. Na kumbuka kitabu ni cha 1951, mkoloni bado yupo, na mzee wetu kaichukua nchi yake kaiweka inaelea angani huko, sa mtu ukitaka kulalamika kwamba kakusema wewe utaanzia wapi? Ila na wewe nakupa haki yako, watu wa Shaaban Robert wote wanaongea kama wanahutubia, ukifunika majina huwezi kujua anayesema ni mshtaki au mshtakiwa. Hapo hata mi huwa nasinzia, anisamehe.

Farasi sasa. Usione aibu hata kidogo. Nna tafsiri ya Kawegere ya mwaka 1967, ile riwaya ya Orwell yenyewe ni ya 1945, na nikifika pale gari linapomchukua huyo farasi naweka kitabu chini natembeatembea kwanza. Ila mi kinachonimaliza ni punda zaidi ya farasi. Yule punda anajua kusoma vizuri kuliko wanyama wenzake karibu wote, na kitabu kizima kagoma kusoma, anasema hajaona kitu cha maana cha kusoma. Siku wanakuja kumbeba rafiki yake wengine wote wanapunga mikono, sijui kwato, kwaheri kwaheri, wanajua anapelekwa hospitali, na punda ndo anafungua mdomo anawasomea kilichoandikwa ubavuni mwa gari, kwamba ni la mchinja farasi. Kasoma lini? Wakati gari linaondoka. Yaani miaka yote hiyo alikuwa nayo hiyo elimu. Mwandishi hata hatuambii punda alijisikiaje, anakuachia wewe ulale nayo. Halafu nguruwe wanaotawala shamba wananunua pombe, na hela wameipata wapi hatuambiwi. Lia mwanangu, lia.

Nagona usijitese. Ni kitabu chembamba, kurasa hata mia hazifiki, cha 1990, na ukikiingia unatafuta nani kafanya nini halafu ikawaje utatoka mikono mitupu, kile kinaenda kama ndoto inavyoenda. Ushauri wangu ni uanze na Rosa Mistika ya mwandishi huyohuyo, ya 1971, ile utaielewa bila mkalimani, baba mkali anampiga binti kwa sababu ya barua ya mvulana, na huyo binti akija kuwa mbali na baba yake unaona kabisa ile fimbo ilipompeleka. Mtu aliyeweza kuandika wazi hivyo akiamua kuandika giza, mi namwamini kwamba giza lina kazi yake, ingawa Nagona nimesoma mara mbili na kuna kurasa nimeelewa na kuna kurasa nimezitazama tu.

Vita na Amani nna kisa. Miaka ya nyuma niliwahi kujisifu mbele za watu kwamba nimeimaliza, kumbe nimefika katikati, mama mmoja akaniuliza kwa upole tu, eti Natasha mwishoni anaolewa na nani? Nikajibu kwa kujiamini, na Andrei. Watu wakacheka mpaka nikasikia masikio yanawaka. (Andrei anafariki. Sasa unajua, hutaaibika kama mimi.) Nikarudi nyumbani nikaanza upya na karatasi pembeni, kila jina na ndugu zake na majina yao ya utani, maana mtu mmoja ana majina manne, na hiyo karatasi ndo iliyonivusha. Angalau fika pale Andrei kaanguka vitani Austerlitz, amelala chali anaangalia mbingu, Napoleon mwenyewe, ambaye Andrei alikuwa anamhusudu, anakuja kusimama juu yake, na kwa mara ya kwanza Andrei anamuona ni kajitu kadogo tu chini ya hilo anga. Sehemu ya mwisho kabisa ambayo Tolstoy anaacha stori anaanza kufundisha historia unaweza kuruka, mi niliruka.

Cha baba tajiri sina mengi. Wazo ni moja, mali ni kile kinachoingiza hela mfukoni na mzigo ni kile kinachotoa, ni wazo zuri, lingetosha kurasa kumi.

Na huyo msomi wako mwambie Mzimu wa Watu wa Kale kilitoka 1960, na yule mpelelezi wake Bwana Msa na kiko chake mpaka leo watu wanamfuata mguu kwa mguu kuona kagundua nini. Kumfanya mtu arudie kitabu cha upelelezi mara tatu wakati muuaji ameshamjua siyo kazi ya kitoto, hebu ajaribu yeye.

Ukitoka hapo soma Peponi ya Gurnah, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupata ile Nobel ya fasihi. Mtoto Yusuf ana ami yake tajiri, kila akija kuwatembelea anampa sarafu. Siku moja huyo ami anaondoka na Yusuf mwenyewe, kumbe kawekwa rehani kwa deni la baba, na huko anakopelekwa anakuta kijana mwenzake anamwambia huyo siyo ami yako. Rudi sasa usome ile sarafu ya mwanzo.

SWALI: Anti, mi naanza na ukurasa wa mwisho, mwenzangu anasema ni dhambi, kweli?
Mvivu

JIBU: Kwa Bwana Msa ni dhambi, acha. Kwingine wala haikusaidii, mwanangu. Peponi utaona kijana anakimbia, hutajua anakimbia nini, na Shamba la Wanyama utakuta nguruwe na watu wanagombana mezani kwa sababu wawili wametoa karata ileile.