Titi jipya bado lina ganzi: je, neva haikuungwa?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Nina miaka 51, naishi Tanga. Mwaka jana niliondolewa titi la kushoto kwa saratani. Miezi minne iliyopita nilikwenda India nikatengenezewa jingine kwa ngozi na mafuta ya tumboni, na ripoti inasema mshipa wa fahamu nao uliungwa. Mpaka leo sisikii kitu, ni kama nimeshika titi la mtu mwingine. Juzi limeanza kunipiga kama shoti. Shangazi ananikanda kwa maji ya moto na chumvi, na kuna kijana mwenye duka la dawa anauza sindano kumi za "kuamsha mishipa". Je, ule mshipa umekatika? Nirudi ukaungwe upya?

JIBU: Mama, mwambie shangazi beseni aliweke chini leo hii. Sababu nitaeleza. India usirudi kwa ajili ya hilo, na sindano usinunue.

Kwanza tuliweke sawa neno. Kwetu "mshipa" umebebeshwa mizigo mingi: mshipa wa damu, mshipa wa fahamu, kano inayovuta kidole, hata ngiri watu huiita mshipa. Mgonjwa akiambiwa "mishipa imeungwa" haelewi ni ipi, na muuza dawa anafurahi, maana ndani ya neno hilo anaweza kuuza chochote. Mimi hapa nitasema neva.

Kinachonichosha kliniki, wiki hadi wiki, ni imani kwamba neva ni waya wa umeme. Fundi ameunga, basi taa iwake. Mshipa wa damu ndio unaokaribia hivyo: vibanio vikifunguliwa damu inapita, na nyama iliyokuwa imepauka inarudisha rangi tukiwa bado tumesimama mezani. Neva haiko hivyo kabisa. Ndani yake mna maelfu ya nyuzi, na kila uzi ni mkono mrefu wa seli ambayo kiini chake kiko pembeni ya uti wa mgongo. Neva ikikatwa, sehemu yote ya uzi iliyo mbele ya mkato hufa na mwili huisafisha. Kinachobaki ni ganda tupu. Chini ya hadubini, daktari anashona ganda kwa ganda, kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Hajaunga hisia. Amesimamisha upya kichanja cha mpesheni uliokatwa. Mmea wenyewe lazima uchipue kutoka shinani na kutambaa tena, mwanzo hadi mwisho.

Nao hutambaa polepole, takriban milimita 1 kwa siku ukienda vizuri, tena baada ya kutulia kwanza wiki kadhaa. Katika upasuaji kama wako, unaoitwa DIEP, daktari huingia karibu na mfupa wa katikati ya kifua, kwenye ubavu wa tatu hivi, kutafuta mishipa ya damu ya kulishia kipande cha tumbo. Hapohapo hupita tawi la neva inayokwenda kwenye ngozi ya kifua. Tawi hilo ndilo linaloungwa na neva ndogo iliyokuja na ngozi ya tumbo. Kutoka hapo hadi katikati ya titi tuseme ni sentimita 10. Hizo ni siku 100 za kutambaa tu, ukiacha zile wiki za mwanzo, na uzi ukifika bado una kazi ya kujishikiza kwenye ngozi. Sasa hesabu miezi yako minne. Unamdai mgeni ambaye bado yuko njiani.

Hizo shoti ndizo habari njema za barua yako. Ncha changa za neva zinazokua huwa nyepesi kushtuka. Gonga kwa ncha ya kidole, taratibu, kuanzia mbali kwenye titi ukirudi kuelekea katikati ya kifua, uone mchomo unaanzia wapi, kisha uandike mahali hapo na tarehe. Rudia mwezi ujao. Mahali hapo pakisogea mbele, neva inatembea. Kwa kawaida tunasubiri mwaka mzima kabla ya kusema lolote la maana, na mabadiliko huendelea hata mwaka wa pili. Msuli usiopata neva hunyauka, ndiyo maana neva ya mkono ina haraka. Ngozi inavumilia zaidi kusubiri.

Njia za kuunga ni chache. Ncha mbili zikifikiana bila kuvutwa, zinashonwa moja kwa moja. Zisipofikiana hatuzilazimishi, kwa sababu neva iliyovutwa hukosa damu na kuota kovu. Tunaweka daraja: kipande cha neva yako mwenyewe, au neva ya marehemu aliyejitolea, iliyosafishwa kitaalamu, au kijibomba maalumu ikiwa pengo ni dogo sana. Hata hivyo si kila mwanamke hurudishiwa hisia sawa, na waliopigwa mionzi au wenye kisukari wana mlima mrefu zaidi. Nikuambie na jambo ambalo pengine hukuambiwa: tunachokitafuta hasa ni hisia ya kulinda, kujua moto, baridi na kubanwa. Mguso mwepesi unaweza kufuata. Ile hisia ya faragha, kama lilivyokuwa titi ulilozaliwa nalo, ni nadra kurudi, na anayekuahidi kabla ya upasuaji kwamba itarudi anakudanganya.

Sasa beseni. Kumkanda mzazi kwa maji ya moto tumekulia nako, na shangazi anafanya kwa mapenzi. Lakini mzazi anayekandwa husema "yatosha, yanaunguza". Titi lako halina ulimi huo. Ngozi yenye ganzi haikwambii kwamba imeanza kuungua, na tena haimudu vizuri kuondoa joto kama ngozi ya kawaida. Nimewapokea wanawake walioungua kwa chupa ya maji ya moto na kwa kitambaa cha chumvi, malengelenge yamejaa, nao wamegundua jioni wanapovua nguo. Mmoja alikuwa ameambiwa na aliyemkanda kwamba wekundu ule ni "mishipa inaamka". Neva haiamshwi kwa joto. Haina usingizi, inakua.

Kuhusu sindano: vitamini B12 humsaidia aliyepungukiwa nayo, kama baadhi ya wanaotumia metformin, dawa ya kisukari, kwa miaka mingi, na upungufu huo unapimwa kwa damu. Kwa asiyepungukiwa haiongezi hata milimita. Na hizi dawa za "neva" mara nyingi zimechanganywa na B6, ambayo ikizidi kwa muda mrefu huiharibu neva yenyewe, ukapata ganzi ya miguu juu ya ganzi ya titi. Akikuambia atadunga kwenye titi lenyewe, ondoka hapo dukani. Titi zima linaishi kwa mshipa mmoja au miwili ya damu, na jipu mahali hapo laweza kukupotezea yote.

Ninayoyasema si ya titi tu. Kila penye ganzi, mguu wa mwenye kisukari, mkono uliokatwa na panga, huja mtu na mafuta yanayochoma, vikombe vya kuumika au mashine ya kutetemesha, akisema mgonjwa akisikia moto basi dawa imefanya kazi. Na mgonjwa mwenye ganzi hausikii huo moto, hivyo anaongezewa.

Kama unataka kazi ya kufanya, fanya hii: dakika chache kila siku, ukitazama titi, lipitishie pamba, kisha kanga iliyolainika, kisha taulo, ukikitaja moyoni unachokiona. Ubongo nao unajifunza upya ramani yake. Maji ya kuoga yapime kwa kiwiko cha mkono wa kulia, upande ambao haukufanyiwa upasuaji. Sidiria yenye waya iache kwa sasa, na ukikaanga au kupiga pasi vaa nguo nzito kifuani.

Uvimbe mgumu, wekundu unaotanuka, jeraha usilojua limetoka wapi, au maumivu ya mahali pamoja yasiyotulia: hayo usimpe mtu yeyote ayaite mishipa. Yapeleke kliniki yako ya saratani wiki hiyohiyo.