Uchovu Sugu na Magonjwa Yanayofanana Nao

Kwa miaka miwili, kila nilipokwenda kliniki hapa Jinja nikieleza kwamba nimechoka kupita kiasi, niliandikiwa dawa za malaria, na zisiponisaidia niliambiwa nina homa ya matumbo. Hakuna aliyeniuliza swali ambalo leo naliona kuwa kubwa kuliko yote: baada ya kazi, mwili wako huwaje kesho yake? Nilipofua nguo Jumamosi, siku hiyo nilimaliza vizuri. Jumapili au Jumatatu ndipo viungo vilipouma, maneno yakanipotea, na usingizi wa saa kumi usinirudishie nguvu yoyote.

Kuzidiwa huko kunakokuja kwa kuchelewa ndiko alama kuu ya ugonjwa wa uchovu sugu, ambao vigezo vilivyotolewa Marekani mwaka 2015 vinataka uwe umedumu miezi 6. Ndugu yake wa karibu, fibromialjia, hutanguliza maumivu yaliyoenea mwilini. Upo pia ugonjwa ambao mtu akisimama, ndani ya dakika 10 mapigo ya moyo huongezeka kwa 30 au zaidi kwa dakika ilhali shinikizo la damu halishuki. Wagonjwa wengi wana zaidi ya mmoja kati ya hayo, na baadhi ya waliougua korona wasipone sawasawa wamejikuta na dalili zote za uchovu sugu.

Kuyatofautisha kuna faida ya kweli, kwa sababu mazoezi yanayomfaa mwenye fibromialjia au sonona yanaweza kumwangusha kitandani mwenye uchovu sugu. Ndiyo maana mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2021 uliacha kupendekeza mazoezi ya kuongezwa hatua kwa hatua. Mimi niliambiwa nikimbie kila asubuhi, nikatii, na nikaumia sana.

Hata hivyo, msikubali jina hili kabla ya kupimwa yanayotibika: upungufu wa damu, tezi ya shingo, kisukari, kifua kikuu, virusi vya Ukimwi na, kwa sisi tuliozoea maziwa yasiyochemshwa, bruselosi. Kisha andikeni daftarini kila kazi mliyofanya na hali zenu kwa siku mbili zilizofuata. Daktari wa nne alisoma kurasa zangu za wiki sita kabla ya kunigusa, na siku hiyo hakuandika malaria.