Mama yake lita 20, kwangu anatoa 9: nimetapeliwa?

SWALI: Dokta salaam. Mwaka juzi nilinunua mtamba (jike ambaye hajazaa) wa Friesian, wale ng'ombe wa maziwa, kwenye shamba moja kubwa huko milimani kwenye baridi, nikaoneshwa mama yake anakamuliwa mbele ya macho yangu, lita 20 kwa siku, wakati wenzake bandani walikua kwenye 12. Niliuza kiwanja ili nimpate. Sasa kazaa na mwisho wake ni lita 9. Mabingobingo nampa, pumba nampa, maji asubuhi na jioni. Majirani wanasema damu imechakachuliwa. Ni kweli? (Msomaji, Muheza)

JIBU: Dada yangu pole sana, kiwanja si kitu kidogo. Ila kwa ulivyoeleza utapeli siuoni, naona hesabu ambayo hakuna aliyekufanyia siku ile.

Maziwa hayarithiwi kama pembe, kwamba jeni (chembe ya urithi) moja tu inaamua anazo au hana. Kwenye maziwa kuna jeni nyingi mno, hii inaongeza kidogo ile inapunguza kidogo, halafu juu yake weka chakula, maji, joto, kupe, mpaka mkono wa mkamuaji, na vyote vinaishia kwenye ndoo moja. Ng'ombe wakikaa banda moja, ile tofauti ya lita kati yao ni kama asilimia 30 tu ndo ya damu. Sasa yule mama aliwazidi wenzake lita 8. Asilimia 30 ya 8 ni 2.4, na mtoto anachukua nusu kwa mama nusu kwa dume, kwa hiyo kama dume lilikua la kawaida tu, mtamba wako alitegemewa kuzidi kwa lita 1.2. Yaani 13 na kidogo, tena akibaki kulekule kwenye baridi na chakula kilekile.

Kutoka 13 kushuka 9, hapo ni Muheza na banda lako. Friesian akisikia joto anapunguza kula. Na maziwa karibu asilimia 87 ni maji, ng'ombe anayekamuliwa anahitaji lita 60 na zaidi kwa siku, sasa wa kwako akishamaliza ndoo ya asubuhi anakaa na kiu mpaka jioni! Muwekee maji muda wote, kivuli kizuri, na kwenye pumba changanya mashudu ya alizeti maana pumba peke yake protini ni ndogo.

Na wale zebu, ng'ombe wa kienyeji wa jirani, usiwadharau. Wamekaa na kupe na kiangazi vizazi na vizazi, jike aliyetoa maziwa kuliko nyasi zilizopo alikonda, hakushika mimba, ukoo wake ukaishia hapo, aliyetoa lita mbili akazaa tena ndo kaacha watoto. Friesian yeye kachaguliwa na wafugaji wa Uholanzi kwenye nyasi mbichi na ubaridi, anayejaza ndoo ndo anazalishwa. Jeni zilizoshinda kule si lazima zishinde kwenye joto lako.

Kwa hiyo akirudi kwenye joto la kupandwa, mtu wa uhimilishaji (anayepandisha kwa mbegu za dume bila dume lenyewe) asikuoneshe picha ya dume akaishia hapo. Muulize mabinti wa hilo dume wanakamuliwa wapi, wanakula nini, na kama kuna hata mmoja anayekaa sehemu ya joto kama kwako anatoa lita ngapi.