"Huna Nia": Sigara, Ubongo na Wanaohukumu Bila Kujua

Msomaji mmoja ameniandikia wiki hii. Aliacha sigara, akakaa zaidi ya mwaka bila kugusa hata moja, kisha msibani kwa rafiki yake mtu akamnyooshea pakiti. Akachukua moja tu ya kupoza moyo. Mwezi haukuisha, amerudi palepale alipokuwa zamani. "Kaka," ananiuliza, "mimi ni dhaifu, au sigara ilishaniharibu ubongo?"

Namjibu hapa hadharani kwa sababu hilo neno "dhaifu" nalijua ladha yake. Nilipokuwa nahangaika kuacha nilikwenda kutafuta msaada, na mtaalamu niliyemkuta, ambaye hata jina lake sitaki kulitaja, alinitazama mara moja akasema, "Wewe huna nia tu." Hakuniuliza naanza kuvuta saa ngapi nikiamka. Hakuniuliza nilianza nikiwa na umri gani. Nilitoka pale nikawasha nyingine kabla sijafika getini. Miaka imepita, sigara nimeshaiacha na bado kauli ile inanichoma. Basi leo mnivumilie nieleze kile ambacho yeye alipaswa kunieleza.

Karibu kila chembe hai ya mwili wako imebeba maandishi yaleyale ya DNA. Kinachoifanya chembe ya ubongo iwe tofauti na ya ini ni sehemu zipi za maandishi hayo zinasomwa na zipi zimefungwa. DNA yenyewe imezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni, kama uzi kwenye rili: ulipokazwa jeni, yaani kipande cha maandishi hayo chenye kazi yake, haisomeki, ulipolegezwa husomeka. Zaidi ya hapo kuna vibandiko vidogo vya kemikali, methili, ambavyo hubandikwa juu ya DNA yenyewe na mara nyingi hunyamazisha jeni. Elimu ya mambo haya ndiyo epijenetiki. Herufi hazibadiliki, usomaji ndio unabadilika. Na moshi wa sigara ni fundi hodari wa kubadilisha usomaji.

Nikotini, ile kemikali ya sigara inayoleta uraibu, hufika ubongoni ndani ya sekunde 20 hivi baada ya kuvuta moshi. Inafanya nini huko? Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, akiwemo Eric Kandel, aliyepata Nobeli ya tiba mwaka 2000, na mkewe Denise, waliwapa panya nikotini kwenye maji ya kunywa kwa siku 7, kisha wakawapa kokeini. Jeni iitwayo FosB, inayohusika sana na uraibu, iliamka kwa nguvu kuliko kwa panya waliopewa kokeini peke yake. Nikotini ilikuwa imezuia vimeng'enya vinavyokaza ule uzi, kwa hiyo ukabaki umelegea, tayari kusomwa. Walipogeuza mpangilio wakaanza na kokeini, jambo hilo halikutokea. Panya si mtu, sawa. Lakini nilipoisoma habari hiyo niliweka simu mezani nikanyamaza kwa muda.

Kwa binadamu hatuwezi kumkata mtu aliye hai kipande cha ubongo tukakitazame, kwa hiyo ushahidi mwingi hutoka kwenye damu, na mwingine kwenye bongo za waliokwisha kufariki. Kwenye damu mambo yako wazi. Jeni ya AHRR, inayohusika na namna mwili unavyopambana na sumu za moshi, hupoteza methili zake kwa wavutaji kiasi kwamba kipimo kinaweza kumuumbua mtu hata akiapa hajawahi kuvuta. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2016, uliohusisha watu karibu 16,000, ulikuta alama za uvutaji kwenye jeni zaidi ya 7,000. Sehemu nyingi zilirudi katika hali ya asiyevuta ndani ya miaka 5 baada ya kuacha. Chache zilikuwa bado zina alama hata baada ya miaka 30.

Ndugu yangu uliyeniandikia, soma tena sentensi hizo mbili za mwisho.

Mimi zilinifungua macho. Miezi mingi baada ya kuacha, nikiwa nasubiri mtu aliyechelewa, nilishtukia kidole gumba changu kinajisugua taratibu kwenye ubavu wa kidole cha shahada, kinatafuta gurudumu la kiberiti cha gesi. Mfukoni hakukuwa na kiberiti. Kichwani sikuwa hata nawaza sigara. Mkono ulikuwa unawaza peke yake.

Arosto ya mwanzo ni kitu kingine. Ubongo wa mvutaji huongeza vipokezi vya nikotini, na ukiacha vipokezi hivyo hubaki vimeachama kwa njaa. Ndiyo hasira, usingizi wa mang'amung'amu, na kugombana na kila mtu. Vinapungua ndani ya wiki kadhaa hadi miezi mitatu hivi. Kipindi hicho sitaki kukisimulia, kila aliyekipita anakijua. Hatari yenyewe ipo baadaye, pale unapojiona umepona na kuanza kujipima kwa sigara moja. Usijipime. Nimesema usijipime. Sigara moja kwa aliyeacha haiwi moja, kwa sababu inaangukia kwenye ubongo uliokwisha kufundwa.

Na nyinyi wazazi mnaomtuma mtoto akawawashie sigara, mnafikiri mnacheza? Sehemu ya mbele ya ubongo, ile ya kujizuia na kupima matokeo, huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Wengi wetu tulianza kabla haijakomaa. Hata aliye tumboni hasalimiki: utafiti wa mwaka 2016 uliowapima watoto zaidi ya 6,600 ulikuta maelfu ya sehemu za DNA zenye methili tofauti kwa waliozaliwa na mama waliovuta wakiwa wajawazito. Mtoto anatoka na alama za sigara ambazo hakuzivuta yeye. Halafu tunakaa tunalaumu tabia.

Kwa hiyo, wewe si dhaifu. Acha tena, leo. Ondoa viberiti vyote nyumbani, vyote. Waambie wanaokuzunguka wasikunyooshee pakiti, hata msibani, na hasa msibani. Usijipime.

Tena usiende mikono mitupu kama nilivyokwenda mimi mara za kwanza kwa kiburi cha ujana. Shirika la Afya Duniani linasema majaribio ya kuacha bila msaada hufaulu kwa asilimia 4 tu. Zipo plasta na chingamu za nikotini, na unaweza kutumia vyote viwili kwa pamoja: plasta kwa siku nzima, chingamu kwa hamu inayokuja ghafla. Chingamu hiyo haitafunwi mfululizo. Tafuna hadi iwashe, ibane kwenye fizi, subiri, kisha tafuna tena. Zipo pia dawa za vidonge, vareniklini na bupropioni, ambazo tangu 2021 zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya shirika hilohilo. Bupropioni haimfai mwenye kifafa, kwa hiyo mweleze daktari historia yako yote kabla hajakuandikia. Na akikwambia huna nia, tafuta daktari mwingine.