Unafunga vizuri, lakini unafungulia nini?

Ndugu yangu, umesema unafanya mjengo hapa Kisumu, unafunga kutoka saa mbili usiku hadi saa sita mchana, jioni unanyanyua vyuma, na sasa kilo zimeshuka pamoja na nguvu. Tena unafungulia chapati mbili na chai ya rangi. Hapo ndipo penye tatizo.

Kufunga hakuna muujiza: unapungua kwa sababu unakula kidogo. Anayenyanyua vyuma anahitaji takriban gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku, na yai moja lina gramu 6 hivi tu.

Nenda soko la Kibuye ununue omena, wale dagaa wenye protini, kwa gorogoro (kopo la kupimia), usinunue kidogo kidogo mtaani. Imwage kwenye sinia, toa vijiti na mchanga, ioshe kwa maji moto mara mbili, kisha ikaange bila mafuta mpaka ikauke na kunukia; ndipo uweke mafuta, kitunguu na nyanya. Unaila na mifupa yake, kwa hiyo unapata kalsiamu pia. Usiku pika ndengu. Ugali usiuache, kazi yako ni nzito.

Siku za mjengo punguza kufunga kuwe kwa muda wa saa 12 tu, unywe chai ya maziwa na mayai mawili kabla ya kutoka. Maji usiyafunge kamwe, jua la huku unalijua. Na kama unatumia dawa za kisukari, simamisha kufunga hadi uongee na daktari.