Mkupuo au malipo ya kila mwaka: hesabu tuliyoifanya baada ya kushinda bahati nasibu Marekani

Mtu akishinda bahati nasibu hapa Marekani, ndugu humuuliza ameshinda kiasi gani, lakini ofisi ya bahati nasibu humuuliza jambo jingine: anataka fedha zote kwa mkupuo, zikiwa zimepunguzwa, au anataka kulipwa kila mwaka. Mimi na mume wangu tulilazimika kulijibu swali hilo mwaka 2024 hapa Louisville, katika jimbo la Kentucky, tuliposhinda zawadi ya pili ya mchezo wa Lucky for Life. Tulichagua malipo ya kila mwaka. Ninaeleza hapa sababu zetu, pamoja na aina ya mtu ambaye nisingemshauri afuate njia yetu. Uhalali wa mchezo wenyewe siuzungumzii, kwa kuwa hilo kila msomaji atalimaliza na dini yake.

Masharti ya zawadi hiyo yalikuwa mepesi kueleweka. Mshindi alipewa nafasi ya kuchagua kati ya dola 25,000 kila mwaka kwa maisha yake yote na dola 390,000 mara moja. Akifariki kabla ya miaka 20 kutimia, warithi wake huendelea kulipwa hadi itimie, kwa hiyo anayechagua malipo ya kila mwaka ana uhakika wa jumla ya dola 500,000 hata asipoishi sana. Ukigawanya 390,000 kwa 25,000 unapata 15.6, maana yake ni kwamba malipo ya kila mwaka yanaupita mkupuo yakifika ya 16. Watu wengi huishia kwenye mgawanyo huo, na mume wangu alikuwa mmoja wao. Aliona kwamba kusubiri miaka yote hiyo ili upate kile ambacho ungekipata leo ni kujichelewesha bure. Mgawanyo huo si wa uongo, ila haukuhesabu kodi wala umri.

Kodi ndiyo iliyotuamulia. Kwa serikali ya shirikisho, fedha za bahati nasibu ni kipato kama mshahara, na zinajumlishwa na mshahara wa mwaka ule ule uliozipokea. Chukua wanandoa wenye mishahara ya jumla ya dola 70,000, ambayo haiko mbali na yetu, kwa viwango vya mwaka 2024. Wakiongezewa dola 25,000, nyongeza yote inabaki katika daraja la kodi la asilimia 12, na kodi inayoongezeka ni dola 3,000. Wakipokea dola 390,000 kwa mwaka mmoja, fedha hizo zinapanda madaraja ya asilimia 22 na 24 hadi kugusa lile la 32, na kodi inayoongezeka ni takriban dola 88,800. Zaidi ya hapo, nafuu ya kodi kwa ajili ya watoto huanza kupunguzwa kwa wanandoa ambao kipato chao kimevuka dola 400,000, kwa hiyo mwenye watoto anaumia mara ya pili. Kodi ya jimbo la Kentucky haikubadilisha chochote katika uamuzi wetu, kwa sababu mwaka huo ilikuwa asilimia 4 kwa kila mtu, mwenye kingi na mwenye kidogo.

Ukiziondoa kodi zote mbili, mkupuo unabaki karibu dola 285,600, na malipo ya mwaka yanabaki dola 21,000. Gawanya tena, utaona kwamba miaka 15.6 imeshuka hadi 13.6. Ukiutazama uamuzi huu kama uwekezaji, yaani umeuacha mkupuo ili ununue malipo ya miaka 20 tu, faida yake kabla ya kodi ni takriban asilimia 2.8 kwa mwaka, kiwango ambacho hati fungani za serikali ya Marekani zilikuwa zikikipita wakati huo. Baada ya kodi inafika takriban asilimia 4.5. Mtaalamu anayetujazia ritani, yaani fomu ya kodi ya kila mwaka, alituonyesha hesabu hiyo kwenye karatasi moja, na mume wangu aliichukua akaenda kuirudia mwenyewe kwa kikokotoo cha simu kabla ya kuikubali. Nakushauri nawe uirudie kwa mishahara yako, kwa maana mtu asiye na mwenzi, au mwenye kipato kikubwa kuliko chetu, atapata jibu tofauti.

Angalizo dogo hapa. Ofisi ya bahati nasibu hukata asilimia 24 ya kodi ya shirikisho papo hapo, iwe kwa mkupuo au kwa malipo ya mwaka, na kwa mtu ambaye kwa sheria za kodi si mkazi wa Marekani hukatwa asilimia 30. Kwetu sisi makato hayo ni makubwa kuliko kodi tunayodaiwa, kwa hiyo sehemu yake hurudishwa tunapowasilisha ritani. Anayechukua mkupuo mkubwa anaweza kujikuta katika hali ya kinyume, akadaiwa zaidi mwezi wa Aprili baada ya kuwa ameshatumia.

Umri nao una nguvu kubwa pale ambapo malipo ni ya maisha. Mume wangu, aliyetia saini tiketi, hajafika miaka 40. Akijaaliwa kuishi miaka 40 mingine, faida ile ya asilimia 4.5 inapanda hadi zaidi ya 7 baada ya kodi, na hakuna benki itakayokuahidi kiwango hicho kwa muda wote huo. Mtu wa miaka 70 hawezi kuhesabu hivyo. Kwake ahadi yenye uhakika ni ile miaka 20 tu, tena sehemu yake huenda ikaenda kwa warithi. Dola 25,000 hizo pia haziongezwi. Bei zikipanda kwa asilimia 3 kila mwaka, baada ya miaka 24 zitanunua nusu ya kinachonunuliwa leo, na ndiyo maana hatuziiti mshahara wala hatukuacha kazi.

Sasa niseme jambo ambalo halimo katika karatasi ya mtaalamu. Habari ya ushindi ilifika nyumbani Tanzania kabla hatujapokea hata senti, na maombi yakaanza: ada za shule, kiwanja Kibaha, mtaji wa bodaboda, matibabu ya mzee. Mengi yalikuwa ya kweli na walioomba walikuwa na haki ya kuomba. Tungekuwa na dola 285,000 benki, kila jibu la hapana lingekuwa ni uchoyo, na sisi wenyewe tungejua hivyo. Kwa kuwa fedha huja mara moja kwa mwaka, tuliwaeleza wazee wa pande zote mbili kwamba kuna fungu la ndugu kila mwaka, wao wakae waligawe kwa kuangalia mwenye shida zaidi. Mama mkwe ndiye anayelisimamia, na anabana kuliko mimi. Wataalamu wa fedha wa huku husema mkupuo ukiwekezwa vizuri hushinda malipo ya awamu, na kwa namba huenda wako sahihi. Lakini mteja wanayemfikiria hapigiwi simu saa nane za usiku na shangazi.

Yupo hata hivyo ambaye ningemwambia achukue mkupuo bila kusita. Mwenye madeni ya kadi za mkopo yenye riba ya zaidi ya asilimia 20 hana faida ya kusubiri, isipokuwa malipo ya mwaka wa kwanza yanatosha kuyamaliza, kama yalivyomaliza yetu. Mgonjwa asiye na warithi, na mtu mzima ambaye hana nyumba na hana tena miaka ya kulipa mkopo wa nyumba, nao nawaweka hapo. Anayepokea misaada ya serikali, kama ya chakula au bima ya afya, aulize kwanza, kwa sababu malipo ya kila mwaka huhesabiwa kuwa kipato kila mwaka.

Zawadi kuu za Powerball na Mega Millions, bahati nasibu kubwa za Marekani, ni habari nyingine. Huko malipo si ya maisha: ni 30, la kwanza hulipwa mara moja na kila linalofuata huzidi lililotangulia kwa asilimia 5, na mshindi akifariki yaliyobaki ni ya warithi. Kwa kila dola milioni 100 zilizotangazwa, malipo ya kwanza ni takriban milioni 1.5 na ya mwisho milioni 6.2. Zawadi ya Powerball ya Novemba 2022, iliyonyakuliwa California, ilitangazwa kuwa dola bilioni 2.04, na mkupuo wake ulikuwa milioni 997.6. Tofauti hiyo ni riba ya hati fungani za serikali zinazonunuliwa kugharimia malipo, takriban asilimia 4.4 kwa mwaka kwa hesabu yangu. Hoja yetu ya kodi huko karibu inakufa, maana hata malipo ya mwaka mmoja yanafika daraja la juu kabisa la asilimia 37.

Sheria ya kodi inampa mshindi hadi siku 60 tangu apate haki ya zawadi kuchagua kati ya mkupuo na awamu, na akichagua awamu hatozwi kodi ya fedha zote kwa mara moja, kwa hiyo usikubali kusukumwa uamue siku ya kwanza, ila soma masharti ya mchezo wako. Ukichagua malipo ya mwaka, tarajia barua za kampuni zinazotaka kuyanunua kwa bei ya kutupa. Katika majimbo mengi haziwezi kuyanunua bila amri ya mahakama, na sisi barua zao tunazichana. Fomu ya mrithi nayo ijazwe siku ile ile unayotia saini, na majina yaandikwe kama yalivyo kwenye pasipoti, hasa kwa sisi ambao jina la cheti cha kuzaliwa ni moja na la viza ni jingine.