Usahihi wa asilimia 90 hautoshi kuipeleka modeli wodini

Mkuu, umeuliza kama modeli yako (programu ya kompyuta iliyojifunza kutokana na takwimu) ya kubashiri wagonjwa watakaozidiwa, yenye usahihi wa asilimia 90, iko tayari kuanza kazi wodini. Nimechambua takwimu za hospitali kwa miaka mingi, na jibu langu ni kwamba bado.

Piga hesabu hii. Chukua wagonjwa 1,000, na tuseme 10 kati yao ndio watakaozidiwa. Modeli ikiwabaini 9 na kuwapigia wauguzi kengele, ni vizuri sana. Lakini kwa wale 990 waliobaki, ikikosea asilimia 10 tu, tayari una kengele 99 za bure. Jumla ni kengele 108, za kweli 9. Muuguzi atakimbilia vitanda 11 bila sababu kwa kila mgonjwa mmoja mwenye shida kweli. Nimeona wodi ambako wauguzi waliacha kuziitikia kabisa, na siwalaumu, maana wana dawa za kutoa na vidonda vya kusafisha. Tena, modeli inayosema kila mtu yuko salama ingepata usahihi wa asilimia 99 hapo hapo, bila kumsaidia mgonjwa hata mmoja.

Halafu chunguza modeli imejifunza nini. Huko Marekani, modeli iliyofundishwa kwa kumbukumbu za wagonjwa wa nimonia iliona kwamba wenye pumu hawako hatarini sana kufa. Kumbe wenye pumu walikuwa wakipelekwa moja kwa moja chumba cha wagonjwa mahututi, na huduma hiyo ndiyo iliyowaokoa. Ungeifuata, ungewarudisha nyumbani watu wanaohitaji uangalizi kuliko wote. Kwako pia inawezekana: kama modeli inategemea kipimo cha damu kilichoagizwa usiku wa manane, basi inarudia tu wasiwasi ambao daktari alikuwa nao tayari.

Kabla ya kengele yoyote kulia, iendeshe kimyakimya kwa miezi kadhaa, ulinganishe ilichobashiri na kilichotokea. Na kaa na wauguzi wenyewe (hili watu wa kompyuta hulipuuza mno, na linaniumiza) uwaulize: ikilia, mtafanya nini, na mna watu wa kutosha kulifanya usiku?

Tuwekee hapa idadi ya kengele kwa zamu moja, na ngapi zilikuwa za kweli. Tukizipata tutakusaidia kuchagua kiwango cha hatari ambacho modeli ikikifikia ndipo ilie.